Ghala la Yunusu

Watu waliokuja kwenye intaneti yangu pale Kilwa Masoko walikuja na shida zinazojulikana. Huyu anatafuta matokeo ya mtihani, yule anaandika barua ya kuomba kazi, mwingine anataka kumtumia ndugu yake aliyeko Maskati picha za harusi. Bi Mwanaima alikuja kutafuta gemu. Mwanamke wa miaka sitini, amejifunga kanga mbili, sindano imechomekwa kifuani penye gauni kama alivyozoea akitoka kwenye cherehani. Akasimama mlangoni akaniuliza kama ninazo gemu za mtoto wa miaka kumi na moja, mwenye akili.

Nikamjibu kwamba mtoto mwenye akili hachezi gemu.

Nilikuwa nimechoka na watoto, na sioni sababu ya kuficha. Mwaka ule wa 2008 walikuwa wakitoka shule wanajazana dukani kwangu, watatu kwenye kiti kimoja, mmoja ameshika mausi na wawili wanampigia kelele, wakiondoka meza yote imejaa mafuta ya mihogo ya kukaanga. Gemu waliyoipenda ilikuwa ya kupiga risasi tu. Ukiwauliza nani anampiga nani na kwa kosa gani, hawajui. Wateja wangu wa maana walikuwa wanageuka mlangoni.

"Kwani wewe unauza intaneti au unauza ushauri?" Bi Mwanaima akaniuliza. "Niwekee, nione mwenyewe."

Nilimfahamu kama wote tulivyomfahamu pale mtaani. Alikuwa akishona sare za shule barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu. Zamani, kabla milango ya biashara haijafunguliwa, alikuwa fundi wa magauni ya Idi na ya harusi, na watu walikuwa wanatoka Kivinje, alikozaliwa, kumfuata. Marobota ya mitumba yalipoingia wateja wakahama, naye akabaki na sare. Alikuwa akisema sare hazitakwisha kamwe, maana hakuna Mzungu aliyewahi kuvaa kaptula ya kaki na shati jeupe akaichoka akatuletea sisi. Alipenda kusema hivyo mbele ya wauza mitumba, kwa sauti, halafu anawacheka.

Mtoto mwenyewe wa gemu alikuwa mjukuu wake, Yunusu. Hakuwa na mjukuu mwingine. Mwanawe wa pekee, Abdurahmani, alikufa kwa ajali ya barabarani karibu na Somanga miaka mitano nyuma, akaacha mke na mtoto huyo. Mke alikuwa Justa, Mmakonde wa Newala, Mkristo, mtu wa kwetu kabisa. Arobaini ilipopita Justa alimchukua mtoto wakaenda Arusha, akapata kazi ya ofisini kwenye kampuni moja ya kutembeza watalii, na tangu hapo hakukanyaga tena Kilwa, wala mtoto hakuletwa. Kwa Bi Mwanaima maelezo yalikuwa mafupi. Justa ana kiburi, na Wamakonde ni wezi wa watoto. Jambo hili la pili aliniambia mimi kila tulipoonana, maana mimi Klementi ndiye Mmakonde aliyekuwa karibu. Nami nilikuwa namjibu kwamba sisi huwa tunaiba vilivyo vizuri tu, ashukuru.

Kila Jumapili alipiga simu Arusha. Yunusu akipewa simu anasema shikamoo bibi. Marahaba, hujambo. Sijambo. Shule? Nzuri. Umekula nini? Wali. Halafu kimya. Bi Mwanaima alisikiliza kimya hicho mpaka vocha inakwisha. Aliniambia kwamba kimya cha mtoto kwenye simu kinaumiza kuliko mtu kukukatia, kwa sababu aliyekukatia umemuudhi kwa jambo fulani, lakini huyu hana chochote na wewe.

Ndipo siku moja Justa, katika kujaribu kujaza kimya, akasema kwamba Yunusu Jumamosi huwa anakuja naye ofisini na anacheza gemu kwenye kompyuta. Bi Mwanaima akaweka simu chini, akavua miwani ya kushonea, akavaa ndala, akaja kwangu. Alitaka gemu ambayo yeye wa Masoko na mtoto wa Arusha wangeweza kucheza pamoja, na iwe ya bure, kwa sababu Justa asingekubali kutoa kitu na yeye mwenyewe hakuwa nacho.

Sijawahi kuona mtu anachagua kitu kwa makini vile. Watu wanachagua mchumba kwa haraka zaidi. Alikuwa akija mchana, watoto wakiwa shule, anakaa kwenye kompyuta ya pembeni, mimi namtafutia na kumfungulia, yeye anacheza. Kusoma alijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima ya miaka ya sabini, na Kiingereza alikijua cha kwenye vibandiko vya nguo tu. Lakini picha zilimtosha. Tena alikuwa haogopi kukosea. Alikuwa akibonyeza kitu kuona kitafanya nini, kama anavyojaribu uzi mpya kwenye kitambaa kibovu.

Ya risasi aliitazama kidogo akaifunga. Nilidhani ataniambia habari za damu, kama wanavyosema wazazi wote. Akasema, "Hii hata nikiwa nimekaa naye kiti kimoja hatuna la kuambizana. Utaongea saa ngapi na mtu anayekimbia?"

Ya kuzuia wadudu barabarani aliipenda sana. Unaweka minara kando ya njia, wadudu wanapita wanapigwa mawe, ukikosea mahali pa kuweka mnara wanakufikia. Hiyo alicheza mpaka nikamkumbusha kwamba ana sare za watu. Mwishowe akaikataa. Kila mtu anacheza peke yake, alisema, na yeye hakuja kutafuta starehe yake.

Drafti na ile ya wafalme na farasi alikataa kwa sababu nyingine. Katika hizo mmoja lazima amshinde mwenzake, na angeshindwa yeye. Mtoto akimfunga bibi yake mara kwa mara atachoka, akigundua kwamba bibi anajifungisha makusudi atachoka zaidi. Kisha tukapata moja nzuri ya kujenga mji, ikatuendesha vizuri sana, tulipofika mahali patamu ikatuambia tulipe kwa kadi ya benki. Bi Mwanaima alikaa akaitazama ile skrini kwa muda, akaniuliza kama bure ya Wazungu ni kama ile ya muuza samaki anayekuonjesha kipande. Nikamwambia ni hiyo hiyo. Nyingine ilikuwa na mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kumwandikia mtoto chochote. Hiyo aliifunga haraka bila maelezo.

Habari zikaenea. Akina mama waliokuwa wamekuja kwangu kunigombeza kwa ajili ya watoto wao wakawa wanapita barazani kwake kupima sare na kumuuliza ipi inafaa. Alikuwa akiwauliza na wao. Mtoto wako akicheza anakaa kimya au anasema? Akishindwa anafanya nini? Nani anakuwa naye? Wengi hawakuwa na jibu, wanaondoka wameudhika kidogo. Mimi pia niliudhika, maana nilianza kuona kwamba hata wale wa kiti kimoja, waliokuwa wakinipigia kelele, walikuwa na mambo yao ya kuambizana.

Gemu aliyoichagua mwishowe ilikuwa ya vijiji. Kila mchezaji anapewa kipande cha ardhi, anachimba kisima, analima, anajenga ghala, anaweka walinzi. Mambo yake yalikwenda polepole. Ukianza kujenga ghala leo, unaweza kufunga kompyuta ukaenda kushona, ukirudi kesho limekwisha. Hilo lilimfaa, kwa sababu umeme wa Masoko enzi zile ulikuwa na ratiba yake mwenyewe, na kwa sababu Yunusu alikuwa na Jumamosi tu, na siku nyingine mbili tatu mama yake akiwa na moyo mzuri. Ukimwalika mtu unayemjua, kijiji chake kinawekwa jirani na chako. Jirani anaweza kukutumia mbao na nafaka, na mnaandikiana ninyi wawili tu. Walinzi wako unaweza kuwatuma kwake wakamlinde. Unaweza pia kuwatuma wakamwibie, na vijiji vya mbali, vya watu tusiowajua, vilikuwa vikiibiana usiku na mchana.

"Hapa atanihitaji," akasema Bi Mwanaima. "Mwaliko unaandikwaje?"

Mwaliko ulikwenda Arusha kwa anwani ya Justa. Jumamosi ile ile kijiji kikatokea jirani na cha Bi Mwanaima, kimeandikwa Ngome ya Yunusu. Cha kwake kiliitwa Kwa Bibi.

Mwanzoni mtoto aliandika maneno yale yale ya kwenye simu. Shikamoo bibi. Halafu siku moja akaona bibi anajenga ukuta kabla ya ghala, na hapo akasahau adabu yake yote. *Bibi usianze ukuta. Anza ghala. Ukuta unalinda nini sasa?* Bi Mwanaima alicheka akapiga meza. Tangu siku hiyo Yunusu hakunyamaza tena. Alimfundisha bibi yake lini auze nafaka na lini aweke. Alimwomba mbao, akatumiwa, akarudisha matofali zaidi ya alivyodaiwa, akajisifu. Katikati ya mbao na matofali yakaanza kuingia mambo mengine. Mwalimu wa hesabu anawaonea. Jino limetoka. Mama amenunua baiskeli lakini ni kubwa. Jumapili kwenye simu mazungumzo yalikuwa marefu mpaka Bi Mwanaima ndiye anayesema mwanangu, vocha.

Alinenepa kipindi kile, nakumbuka. Alishona sare akiimba.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Yunusu alipewa jina la babu yake, marehemu mume wa Bi Mwanaima. Mjukuu ni mtani wa bibi yake, na mwenye jina la babu ndiye mtani hasa. Ni mume. Anaruhusiwa kumwambia bibi kwamba amezeeka atamwacha aoe mwingine, na bibi anaruhusiwa kumnyang'anya ndizi mdomoni akala mwenyewe. Lakini utani huwezi kuuanza na mtu mgeni kwako. Miaka yote ile Bi Mwanaima alimwita Yunusu mwanangu, kwa adabu, kama unavyomwita mtoto wa jirani, na ilimkera. Alikuwa anasubiri wafike mahali pa kutaniana.

Akaona wamefika. Yunusu alikuwa anajaza ghala ili ajenge bandari, amemweleza bibi yake mpango mzima, nafaka kiasi gani na mbao kiasi gani, na kwamba ikikamilika watakuwa wanapeleka vitu visiwani. Ijumaa moja, kabla ya watu kwenda msikitini, Bi Mwanaima alikuja dukani uso wote unacheka. Akawakusanya walinzi wake wote akawatuma Ngome ya Yunusu. Wakasomba ghala lote. Hawakuacha hata punje.

Kisha akafanya jambo la pili, ambalo ndilo lililonionyesha kwamba alikuwa amelifikiria. Alifungua lango la kijiji chake na kuwaondoa walinzi ghalani, ili kesho mtoto akija kulipiza asikute kizuizi. Akaniomba nimsaidie kuandika. *Mume wangu mvivu, umelala ghala wazi, sasa mimi na watoto utatulisha nini? Nimeondoka na kila kitu. Ukiwa mwanamume njoo uchukue.*

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtu yeyote wa kutoka Kivinje mpaka Newala angecheka.

Jumamosi alifika mapema akakaa kwenye kompyuta yake. Ghala lake likabaki limejaa. Hakuna aliyekuja. Kwenye Ngome ya Yunusu hakuna kilichosogea, na ujumbe ulikuwa umesomwa. Mchana simu yake ikaita. Sikio lake moja lilikuwa zito, kwa hiyo siku zote alifungulia spika, nami nilikuwa meza ya jirani narekebisha printa.

"Mama, shikamoo," akasema Justa.

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu yuko wapi, ananiogopa?"

"Mama, mtoto analia tangu asubuhi. Anasema bibi ni mwizi kama wale."

"Wale nani?"

Bi Mwanaima akacheka kidogo akaanza kueleza kwamba ni utani, si unajua, mwambie aje achukue, lango liko wazi.

"Najua ni utani, mama. Mimi nimezaliwa Newala, nitakosaje kuujua utani? Yeye haujui. Anachokijua yeye ni msiba wa baba yake."

Akamweleza. Alieleza taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyeyapanga maneno hayo siku nyingi akakosa pa kuyasemea. Siku ya pili ya matanga walikuja watani kutoka Kikole, wakiongozwa na Benedikto, mtoto wa yule mjomba wake Abdurahmani aliyeoa Mkristo. Walifanya kama watani wanavyofanya msibani. Waliibeba redio ya marehemu na baiskeli yake, wakasema hawarudishi mpaka wafiwa watoe chochote. Benedikto aliingia ndani akavaa shati la kazi la Abdurahmani, akatoka nalo, akawa anatembea uani mwendo wa Abdurahmani, anakwenda anarudi, anaagiza chai kwa sauti ya Abdurahmani, na watu waliokaa kwenye mikeka wanacheka. Yunusu alikuwa na miaka sita. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilimwahi nikamwingiza ndani, lakini alishaona," akasema Justa. "Wiki nzima alikuwa hataki kukanyaga pale uani. Nilimwahidi sitamrudisha. Ningekwambiaje, mama? Ulikuwa umezika mwanao."

Bi Mwanaima alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Vitu vilirudishwa jioni ile ile," akasema. "Vyote."

"Hakuviona vikirudi. Na si vitu tu, mama. Alikuona wewe." Justa akakohoa kidogo. "Alikuona unacheka. Miaka yote hii anakusalimia kwa sababu nimemwambia akusalimie. Gemu hiyo ndiyo iliyoanza kumsahaulisha siku ile. Sasa leo amesoma yale maneno."

Waliagana vizuri. Bi Mwanaima hakuomba apewe mtoto aongee naye. Alikaa pale, na mimi nikaendelea kuifungua printa ambayo nilikuwa nimeshaifunga. Baadaye akasema, si kwangu, "Sikumwona mlangoni." Akalipa akaenda.

Nilimwonea huruma, na nikakasirika pia, sijui nimkasirikie nani. Mwanamke huyu alikuwa amezikagua gemu za dunia nzima. Alikagua damu, alikagua bei, alikagua wageni wanaoandika hovyo. Alihakikisha gemu itamfaa mtoto. Kumjua mtoto mwenyewe asingeweza, kwa sababu alichopaswa kukijua kilikuwa kimefungiwa Arusha, na waliokifungia walifanya hivyo kwa kumhurumia yeye. Mpaka leo sioni wa kulaumiwa katika hadithi hii, na hilo linanikera.

Niliamini amekwisha na mambo ya kompyuta. Jumatatu akarudi.

Ngome ya Yunusu ilikuwa imeanza kuharibika. Kijiji kisichotazamwa na mwenyewe kinanukia mbali, na vijiji vya wageni vilikuwa vimeanza kutuma watu kukipima. Nilimwambia ukweli kwamba mtoto akirudi, kama atarudi, ni heri aanze kijiji kipya, ni bure, dakika moja tu. Bi Mwanaima akanitazama kama vile nimemwambia sare aliyoishona wiki nzima itupwe, inunuliwe nyingine.

"Hiki ndicho alichokijenga," akasema.

Akarudisha kila alichosomba, mzigo baada ya mzigo, maana gemu hiyo haikuruhusu kubeba vyote kwa pamoja. Kisha akawatuma walinzi wake wakasimame kwenye ghala la Yunusu. Nilidhani atatuma nusu. Akatuma wote. Nikamwuliza cha kwake kitalindwa na nani, yeye akaendelea kubonyeza. Kuandika alijaribu. Aliniambia andika, nikaandika, akasema futa. Aliniambia mwandikie kwamba mila ni mila, kisha akasema futa hiyo haraka kabla haijaenda. Mwishowe hakuandika chochote.

Alikuwa akija kila siku iliyokuwa na umeme. Wavamizi walifika Ngome ya Yunusu wakawakuta walinzi wa bibi, wakapigwa, wakarudi. Wakagundua kwamba jirani yake hana ulinzi. Kijiji cha Kwa Bibi kililiwa kidogo kidogo, nafaka kwanza, kisha mbao, kisha wakaanza kuvunja. Ghala alilofundishwa na mjukuu wake kulijenga kabla ya ukuta lilichomwa. Watoto wa shule, wale wale wa mihogo, walikuwa wakisimama nyuma ya kiti chake wanamlilia arudishe walau walinzi wachache, bibi, utakwisha. Alikuwa akiwajibu kwamba wao watazame tu wasimfundishe. Walinzi wakipungua anatumia kila alichobakiwa nacho kuandikisha wengine, na hao nao anawatuma kwa Yunusu. Sare zilichelewa. Wazazi walilalamika. Jumapili alipiga simu akaongea na Justa habari za mvua na za homa, wala hakuuliza kama mtoto yupo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Jumamosi ile ujumbe ulipoingia. Duka lilikuwa halina watu. Mimi ndiye niliyeuona kwanza, nikamwita.

*Bibi kwa nini kwako hakuna mlinzi hata mmoja?*

Alisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Hakunipa mimi niandike. Alitafuta herufi moja moja. *Wako kwako.*

*Watakuibia*, akaandika Yunusu.

*Wameshaiba.*

Mabati yalikuwa yanapiga kelele kwa mvua. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake kama wale watoto, na sioni aibu kusema kwamba nilikuwa naomba moyoni, mimi ambaye hata kanisani naenda kwa kukumbushwa. Simu ikaita. Akafungulia spika akaileta karibu na sikio zima.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Bi Mwanaima hakuuliza shule wala chakula, akasubiri tu.

"Siku ile ulikuwa unacheka nini?"

Angeweza kuuliza siku ipi. Mtu mzima mwingine angeuliza, apate nafasi ya kujipanga. "Nilikuwa namcheka baba yako," akasema Bi Mwanaima. "Baba yako alikuwa anatembea bega moja limetangulia, kama mtu anayepita mlango mwembamba. Tangu mdogo. Nilimpiga, nilimkataza, haikusaidia. Walipomleta kutoka Somanga amefunikwa sikulia, wala sikula. Watu walinisemesha, nikawa siwasikii. Halafu Benedikto akapita uani na lile shati, bega mbele, anadai chai. Nikasahau kama mwanangu amekufa. Nikacheka. Nilipokwisha kucheka ndipo nikaweza kulia, na jioni nikala."

Mvua iliendelea. Nilisogea mbali na meza ili wasione kama nasikiliza, ingawa mmoja wao alikuwa Arusha.

"Sikujua uko mlangoni," akasema. "Ningejua ningekuita uje ukae na mimi. Nimekosa, Yunusu."

Yunusu alikaa kimya muda mrefu, lakini hakikuwa kile kimya cha zamani. Tulikuwa tunamsikia anapumua.

"Mimi sikumbuki baba alivyokuwa anatembea," akasema mwishowe. "Nikijaribu kumkumbuka anakuja yule mtu."

"Yule alikua na baba yako, walilala mkeka mmoja. Mwendo aliotembea siku ile ni wa baba yako."

"Ule ule?"

"Ule ule. Mimi niliyemzaa niliona ni yeye."

"Kumbe namkumbuka," akasema Yunusu.